Boti ya Injini Mbili na Zaidi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mzunguko wa Propela na Kulinganisha Injini

Maswali haya huulizwa gatini kila mwaka kusi inapoanza kulegea na wenye boti wanapojiandaa kwa msimu wa kuvua samaki wakubwa. Wengi huja wakiwa na wazo moja: boti imepungua mbio, kwa hiyo wanunue injini kubwa zaidi au propela ya bei. Sisi tunasema upime kwanza. Boti nyingi za injini mbili hapa Mombasa zina nguvu ya kutosha, ila injini moja inavutana na mwenzake, na mafuta unayolipia yanaishia kwenye mvutano huo.

Kwa nini propela mbili za boti moja zizunguke kinyume?

Propela ikizunguka, haisukumi maji nyuma tu. Huyasokota pia, na boti hupokea msokoto ule kwa upande wa pili. Propela ya kawaida, inayozunguka kwa mwendo wa saa ukiitazama kutoka nyuma, huushusha kidogo ubavu wa kushoto wa boti na kuupa usukani tabia ya kuvuta upande mmoja. Ukirudi nyuma, tezi hukimbilia kushoto hata kama usukani umenyooka. Ukiweka injini mbili zinazozunguka upande mmoja, mivuto hiyo hujumlishana. Ukiweka moja ya kulia na moja ya kushoto, hufutana.

Kwenye maji tulivu ya ndani ya mkono wa bahari unaweza kuishi na mvuto huo. Mambo hubadilika unapoingia mlango wa mwamba wakati wa kusi, wimbi likikufuata nyuma. Tezi huinuka, propela hukaribia juu ya maji, kisha huzama tena, na kila mara mvuto wa usukani hubadilika mkononi mwako. Hapo nahodha anahitaji boti inayokwenda pale anapoielekeza, bila kupigana nayo, kwa sababu matumbawe yako pande zote mbili.

Nitajuaje propela ipi ni ya kulia na ipi ni ya kushoto?

Soma alama kabla ya kuamini macho. Propela za Yamaha zenye mzunguko wa kushoto huwa na herufi L mwishoni mwa namba ya kipimo, na injini zenyewe majina yake huanza na LF badala ya F. Kwa Suzuki, herufi Z kwenye jina la injini huonyesha mzunguko wa kinyume, na kwa Mercury ni herufi C kabla ya XL au XXL. Injini kadhaa mpya za Suzuki zina mfumo wa kuchagua mzunguko kielektroniki, kwa hiyo jina pekee halitoshi. Uliza jinsi ilivyopangwa wakati wa kufungwa.

Alama zikiwa zimelika na chumvi, funga boti vizuri gatini, washa injini moja peke yake, ingiza gia ya mbele bila kuongeza mafuta, na mtu mwingine atazame kutoka nyuma akiwa mbali na maji ya propela. Panga la juu la propela likielekea kulia, hiyo ni ya kulia.

Usilipuuze jambo hili. Tumeona boti ikishushwa Mtwapa baada ya kupakwa rangi, propela zote mbili zimesafishwa zikang'aa, ila zimerudishwa pande zisizo zake. Nahodha aliingiza gia ya mbele ili aondoke gatini, boti ikarudi nyuma. Akafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya kwa mshtuko, akaongeza mafuta. Miguu yote miwili ya injini, yaani sehemu za chini zinazobeba propela, iligonga nguzo ya gati na pezi la chini la injini moja likapasuka. Tangu hapo, kila propela inayovuliwa kwetu huandikwa K (kulia) au L ("left", yaani kushoto) kwa kalamu ya rangi ndani ya tundu lake kabla ya kwenda popote, na pini mpya hukaa kwenye mfuko uleule na nati yake.

Nimenunua injini mbili zilizotumika, zote za mzunguko wa kulia. Naweza kufunga propela ya kushoto kwenye moja na kuiendesha kwa gia ya nyuma?

Hapana. Watu hulijaribu hili kwa kuwa mwanzoni linaonekana kufanya kazi. Ndani ya mguu wa injini, beringi kubwa inayobeba msukumo wa boti nzima imewekwa kwa ajili ya gia ya mbele. Gia ya nyuma ina beringi na meno ya kutosha kwa kazi fupi ya kuegesha. Ukiipa mzigo wa safari nzima ya kwenda kutafuta sulisuli nje ya mwamba, itakatika, na haitakatikia gatini. Injini ya mzunguko wa kushoto ina mguu uliotengenezwa tofauti ndani, na ndiyo maana mguu mzima hununuliwa hivyo au hubadilishwa wote.

Isipokuwa drivu aina ya Bravo One ya MerCruiser, zile za injini ya ndani na mguu wa nje. Hizo zimeundwa zikubali mzunguko wowote kwa kubadilisha mpangilio wa kebo ya gia. Alpha One haimo katika ruhusa hiyo.

Basi injini mbili za kulia ni hatari?

Si lazima. Injini ndogo, chini ya nguvu farasi 100 hivi, mara nyingi hazitengenezwi kwa mzunguko wa kushoto kabisa, na boti nyingi za abiria na za wapiga mbizi zinafanya kazi na jozi ya kulia kila siku. Utahisi mvuto kwenye usukani na tezi itakuwa na ukaidi wakati wa kuegesha. Rekebisha pezi dogo la zinki lililo juu ya propela ili kupunguza mvuto, na ujue mapema boti yako inapenda kukimbilia wapi. Kwa injini za 150 na kwenda juu, tafuta jozi kamili.

Zizunguke kwenda nje au kwenda ndani?

Kwenda nje maana yake ni propela ya kulia iko upande wa kulia na ya kushoto iko upande wa kushoto, mapanga ya juu yakielekea nje ya boti. Hivi ndivyo boti nyingi za tumbo la V hufungwa, nasi hatubadilishi bila sababu.

Faida yake huonekana zaidi gatini. Tuseme unataka kuigeuza boti papo hapo, omo iende kulia. Unaweka injini ya kushoto mbele na ya kulia nyuma. Injini ya kushoto huisukuma tezi kushoto kwa msokoto wake, na ya kulia ikiwa kwenye gia ya nyuma huivuta tezi kushoto vilevile. Msokoto wa propela zote mbili unakusaidia kugeuka. Ukizifunga ziingie ndani, misokoto hiyo hukupinga, na siku ya bamvua, maji yanapokupwa kwa nguvu kwenye mkono wa Mtwapa, utaitamani ile nguvu uliyoipoteza.

Mzunguko wa kwenda ndani hutumika kwenye baadhi ya katamarani na boti za mashindano, ambako anayeendesha anatafuta noti chache za ziada za mwendo (maili za baharini kwa saa) na yuko tayari kulipa kwa utulivu mdogo. Kama boti yako ilitoka kiwandani hivyo, iache. Kama fundi anakushauri ugeuze ya tumbo la V ili "ipae", mwambie akuonyeshe kwa GPS, siku moja, mzigo uleule, kabla na baada.

Na injini tatu au nne?

Za pembeni hufuata kanuni ile ile. Ya katikati kwenye boti ya injini tatu kwa kawaida huwa ya kulia, nayo mara nyingi ina mguu mrefu zaidi kwa sababu tumbo la V hushuka katikati: za pembeni inchi 25, ya katikati inchi 30. Kwa injini nne, fuata mpangilio wa kiwanda cha boti.

Injini zangu zimelingana kweli? Nitapimaje?

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko mahali pengine popote, na kifaa kinachohitajika ni tepu ya chuma.

Boti iwe juu ya trela au magogo, injini zote zishushwe mpaka shafti za propela zilale sawa na mstari wa chini wa boti. Usukani unyooke. Vua propela. Pima umbali kati ya vituo vya shafti mbili kwa nyuma. Kisha nenda mbele ya miguu, kwenye ile ncha ya mviringo inayokata maji, kimo kilekile cha shafti, upime kati ya ncha na ncha. Usipime kwenye mapezi ya chini. Mapezi ya boti za pwani yetu yamegusa mchanga na matumbawe, na moja lililopinda kidogo litakudanganya.

Vipimo viwili vikilingana, injini ziko sambamba. Mfano nyuma ni milimita 710 na mbele ni 704, ncha zinaelekeana, na kila injini inamkaba mwenzake njia nzima. Anza na usambamba, isipokuwa kitabu cha boti kimesema vingine. Ukishafika hapo, unaweza kujaribu kuzifungua au kuzibana milimita chache kwa wakati, ukiandika mbio na RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) kila mara. Boti nyingine hupenda tofauti ndogo. Zikipita kiasi, usukani huwa mzito, boti huparuza maji badala ya kuteleza, na propela moja huanza kuvuta hewa kwenye kona.

Marekebisho hufanyika kwenye ile fimbo inayounganisha injini, ambayo mafundi wanaiita taibaa. Legeza nati za kufungia, zungusha nusu mzunguko, pima tena. Hakikisha uzi wa kutosha umebaki ndani ya kichwa cha fimbo. Halafu geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, injini moja ikiwa juu na nyingine chini, uone kwamba hakuna kinachogusana.

Kabla ya hayo yote, shika mguu wa injini moja na uutikise. Wa pili ufuate palepale. Ukisikia "tak" kwanza, kuna boliti au bushi iliyolika, na vipimo vyako vitabadilika boti ikishika kasi. Kwenye mfumo wa haidroli, usukani unaobonyea kama sifongo una hewa ndani. Itoe kwanza.

Injini zikae kimo gani?

Tazama lile bamba pana lililo juu ya propela. Mahali pa kuanzia ni bamba hilo kuwa sawa na chini ya boti pale pale mbele yake, si sawa na mkuku wa katikati. Injini ikiwa chini mno, mguu mwingi unaburuta majini na maji hurukia juu. Ikiwa juu mno, propela huvuta hewa kwenye wimbi, RPM hupanda ghafla na boti haiendi. Jozi yote iwe kimo kimoja. Tumepata boti ambayo injini moja ilikuwa tundu moja la boliti juu ya nyingine, na mwenyewe alikuwa amebadilisha propela mara kadhaa akitafuta ugonjwa.

Geji za trimu (mwinamo wa injini) zinaonyesha sawa lakini boti inaegemea upande mmoja.

Geji zinaweza kukosea. Shusha injini zote mpaka mwisho, zipandishe pamoja, kisha simama nyuma ya boti utazame kwa macho. Bora zaidi, piga mstari mwembamba wa rangi kwenye mabano ya kila injini ikiwa sambamba na chini ya boti. Mistari hiyo utaiamini kuliko geji.

Ikiwa trimu ziko sawa na bado inaegemea, angalia mzigo: tangi la mafuta, barafu ya samaki, betri zote zimewekwa ubavu mmoja.

Injini moja inashika 5,900 na nyingine inakwama 5,400. Ni injini au ni propela?

Badilishanisha propela za injini hizo mbili kama zote ni za mzunguko mmoja. Tatizo likihama na propela, propela ndiyo mbovu. Kama ni jozi ya kinyume huwezi kubadilisha, basi fuata njia nyingine.

Angalia kwanza uzi wa nyavu na mishipi. Kwenye mkono wa Tudor na kando ya mikoko, mshipi hujiviringisha nyuma ya propela, hukata sili ya mafuta ya gia, na maji huingia kimyakimya. Ukifungua skurubu ya chini na mafuta yakatoka meupe kama maziwa, mguu ushushwe kabla ya safari nyingine.

Halafu pima mapanga. Panga lililopinda milimita chache halionekani kwa jicho ila linaonekana kwenye RPM. Na usisahau raba ya ndani ya propela. Piga mstari wa rangi unaoanzia kwenye tundu la ndani ukavuka raba mpaka kwenye mwili wa propela. Nenda baharini, sukuma, rudi. Mstari ukiwa umekatika, vipande viwili havitazamani tena, raba inateleza. Hiyo ndiyo inayofanya RPM kupanda bila mbio kuongezeka.

Zikishalingana, zisikilize. Injini mbili zenye mwendo tofauti kidogo hutoa mngurumo unaopanda na kushuka. Sogeza mkono mmoja wa mafuta polepole mpaka mngurumo unyooke.

Nichague pichi gani, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja?

Ile inayoifikisha injini kwenye RPM ya juu iliyoandikwa kwenye kitabu, boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida. Injini nyingi za mapigo manne hutaka kati ya 5,000 na 6,000. Kupunguza pichi inchi moja huongeza kama mizunguko 150 hadi 200, na kuongeza hupunguza vivyo hivyo. Pima ukiwa na abiria, barafu na mafuta, kwa sababu hivyo ndivyo utakavyokwenda.

Hesabu ya kuteleza, yaani mbio zinazopotea kati ya nadharia na GPS, ni hii. Gawa RPM kwa uwiano wa gia, zidisha kwa pichi kwa inchi, gawa kwa 1,215, upate noti za nadharia. Mfano: 5,800 gawa kwa 1.75 ni 3,314. Zidisha kwa 19, gawa kwa 1,215, unapata karibu noti 51.8. GPS ikisema 45, umepoteza asilimia 13, na hapo hakuna ugonjwa. Ikisema 38, rudi kwenye tepu kabla ya kwenda dukani. Jaribu pande mbili, kufuata maji na kuyapinga, uchukue wastani.

Boti yangu ina injini za ndani na shafti ndefu. Kuna kulinganisha pia?

Kuna, na si kazi ya kukisia. Pale shafti inapokutana na gia pana visahani viwili vya kapulingi. Vilegeze, viache karibu kugusana, na upitishe fila (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) pande nne: juu, chini, kulia, kushoto. Tofauti isizidi karibu sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha kisahani: kisahani cha milimita 100, tofauti isizidi milimita 0.1. Zungusha shafti robo mzunguko upime tena, ili ujue kama shafti yenyewe imepinda.

Fanya hivyo boti ikiwa majini, si juu ya magogo, na iwe imekaa majini angalau siku moja. Umbo la boti hubadilika likibebwa na maji. Fundi anayekulinganishia shafti juu ya nchi kavu na kukukabidhi boti bila kurudia majini amekufanyia nusu ya kazi.

Na zile za injini ya ndani na drivu ya nje?

Drivu ikishushwa, fimbo ya kulinganishia ipitishwe kwenye beringi ya gimbali (ile inayobeba shafti inayoingia kwenye drivu) mpaka kwenye meno ya kapulingi. Iingie kwa vidole viwili. Ikihitaji nyundo, vikalio vya mbele vya injini virekebishwe. Mngurumo mzito unaosikika unapokata kona ni beringi hiyo ikiomba msaada.

Nifanyie wapi majaribio ya kasi?

Si Kilindini. Pale ni njia ya meli na feri za Likoni zinavuka. Wala si ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1986, ambako watu wako majini wakitazama samaki. Toka nje ya mwamba asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, uwe na mtu wa pili ndani ya boti, kamba ya kuzimia injini imefungwa mwilini mwako, na majaketi yamevaliwa, hayajalaliwa chini ya kiti.

Injini moja ikizima nje ya mwamba, nifanye nini?

Usijaribu kuifanya iliyobaki ifanye kazi ya mbili. Boti nyingi za jozi haziwezi kupaa juu ya maji kwa injini moja, na ukisukuma mpaka mwisho unaipa mzigo usiofikia RPM yake, inachemka. Inua mguu wa injini iliyozima utoke majini, maana propela iliyokufa inaburuta kama ndoo. Sogeza abiria na mzigo kuelekea upande wa injini hai kama boti inaegemea, punguza mwendo mpaka usukani uwe mwepesi, na ujue kwamba sasa utageuka vizuri upande mmoja kuliko mwingine.

Jaribu kugeuka pande zote ukiwa bado kwenye maji mengi, kabla hujakaribia mlango. Kama maji yanakupwa na kusi inasukuma wimbi dhidi yake, mlango utakuwa na mawimbi mafupi yaliyosimama, na injini moja haitakupa nguvu ya kujinasua. Subiri nje maji yageuke yaanze kujaa, piga redio mapema chaneli 16 kueleza ulipo na una watu wangapi, na uingie yakiwa yamejaa nusu au zaidi.